Majengo ya Makerere: Mabweni, Majina na Kumbukumbu

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia maneno, ngeli na tafsiri. Safari hii tunapenda kuwatembeza wasomaji wetu katika mlima wa Makerere, tukiyatazama majengo ambayo wengi wetu huyapita kila siku bila kujiuliza yametoka wapi.

Mnamo Januari 1922 Makerere ilifunguliwa kama shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14 tu, wote wavulana, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hao wa kwanza walikuwa wa kutwa; jioni walirudi makwao. Baada ya muda mfupi shule ikawa chuo, na wanafunzi walipoanza kutoka mbali, ndani na nje ya Uganda, ikalazimu wapate mahali pa kulala. Hivyo bweni likawa kiini cha maisha ya Makerere. Mwaka 1937 chuo kilianza kukua na kuwa taasisi ya elimu ya juu, na mwaka 1941 likakamilika Jengo Kuu, lile lenye mnara wa saa.

Ukitaka kuijua historia ya mahali hapa, soma majina ya mabweni. Mitchell ni jina la Sir Philip Mitchell, gavana wa Uganda kuanzia 1935 hadi 1940, aliyesukuma mbele mpango wa elimu ya juu. Mary Stuart alikuwa mke wa Askofu Cyril Stuart, naye alitetea elimu ya wanawake. Wanafunzi wa kike walipokelewa kwa mara ya kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita. Kabla ya hapo wito wa chuo ulikuwa kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Wasichana hao walipoingia, wito huo haukufaa tena, ukabadilishwa kuwa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Baadaye yakaja majina ya Lumumba na Nkrumah, dalili kwamba enzi za magavana zimepita.

Jina lenye uzito wa pekee ni Nsibirwa. Zamani bweni hilo liliitwa Northcote. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro wa Buganda aliyekubali sheria ya kuiwezesha serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, ikiwemo ardhi ya kupanulia Makerere. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi akaaga dunia mlangoni mwa Kanisa Kuu la Namirembe. Anayelala katika bweni hilo leo analala chini ya jina la mtu ambaye suala la ardhi hii lilimgharimu maisha.

Aidha, mabweni yalikuwa shule ya siasa. Ndani yake walikutana vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Julius Nyerere alisoma hapa kati ya 1943 na 1945. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Kiongozi wao, Abu Mayanja, alifukuzwa chuoni, kisha akaenda kusoma Cambridge na hatimaye kuwa mwanasiasa mashuhuri. Aliyedhani mgomo ule ulihusu chakula tu hakuelewa kilichokuwa kikipikwa.

Mwaka huo huo wa 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha lugha, ilihamishia makao yake Makerere. Kwa takriban miaka kumi kazi ya kamusi, istilahi na jarida la Kiswahili ilisimamiwa kutoka mlima huu, katika nchi ambayo mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni. Baadaye kamati ikaenda Mombasa, na mwaka 1964 ikaishia Dar es Salaam katika taasisi iliyokuja kujulikana kama TUKI. Hata hivyo, kati ya mabweni yote tuliyoyataja, hakuna hata moja linalomkumbusha mwanafunzi kwamba lugha hii iliwahi kuwa na makao hapa.

Je, hali ikoje leo? Tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa kujilipia walipoongezeka, mabweni hayakutosha tena. Wengi hupanga katika hosteli za Kikoni, Wandegeya na Nakulabye. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 moto uliteketeza Jengo Kuu. Paa liliporomoka, na pamoja nalo zikaungua ofisi zilizohifadhi kumbukumbu. Jengo lilijengwa upya kwa kufuata sura yake ya zamani, likakabidhiwa Oktoba 2024. Tunashukuru. Lakini ukuta hujengwa upya kwa saruji. Karatasi iliyoungua haina fundi.

Hilo ndilo linalotusumbua. Mwaka 2005 katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunaombwa kutoa walimu wengi, nao wataulizwa na wanafunzi wao: lugha hii inatuhusu nini sisi? Jibu mojawapo liko hapa mlimani, ila linahitaji kukusanywa mapema.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili achague jengo moja, amtafute mzee mmoja aliyeishi au kufanya kazi ndani yake, amhoji, kisha aandike kurasa tano kwa Kiswahili. Nakala zihifadhiwe katika zaidi ya mahali pamoja. Wazee hao hawatatungoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kumbukumbu, tusipouziba sasa, hautakuwa na ukuta wa kujengwa.