Nasaba Aliyoletewa Mfalme wa Karagwe

Mwanaadamu huzaliwa hajui kitu, kisha hujazwa. Hujazwa na mama, na bibi, na mwalimu wa chuoni, na mazungumzo ya barazani. Akishakuwa mtu mzima, aghalabu huwa hawezi tena kupambanua lipi aliliona kwa macho yake, lipi aliambiwa, na lipi alilipenda tu likamkaa moyoni. Yote huyaita "najua". Katika makala haya tutaitazama khabari moja ya tarehe, iliyotokea mbali na pwani yetu lakini si mbali na sisi, ili tuone madhara ya kupokea neno bila ya kuliuliza limetoka wapi.

Karagwe ni nchi ya vilima na malisho iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria. Leo ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Karagwe yenyewe na Kyerwa, iliyomegwa humo mwaka 2012. Zamani ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Wazee wetu waliijua vizuri. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe kwenda Buganda ilipumzika huko, na karibu na mji wa mfalme, mahali paitwapo Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiislamu.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika Bweranyange Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chimbuko la mto Naili. Mfalme alikuwa Rumanyika. Speke mwenyewe ameandika kuwa mfalme aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri, na kwamba mara moja aliona amekutana na watu wasiofanana na wale aliokwisha kuwapita njiani. Alistaajabu kuona adabu, utaratibu wa utawala na mazungumzo ya busara. Badala ya kusema, "Basi niliyoyadhani juu ya Waafrika hayakuwa sawa," alitafuta njia ya kuiacha dhana yake salama. Akasema moyoni kwamba watu hawa lazima asili yao ni kwingine.

Siku moja alichukua Biblia akamweleza mfalme nasaba yake. Alianzia kwa Nabii Adam, akaja kwenye gharika ya Nabii Nuh, akagawa watu kwa wanawe watatu: Wazungu kwa Yafith, Waarabu kwa Sam, Waafrika kwa Ham. Kisha akamsomea kisa cha Mhabeshi aitwaye Zera, aliyepigana na mfalme wa Mayahudi kwa jeshi la watu milioni moja, ili kumwonyesha ukubwa wa kabila lake. Akaunganisha na vita vya Wahabeshi na Waarabu katika nchi ya Wasomali, mpaka akaifikia Mombasa. Kwa ufupi, alimwambia kuwa yeye na wafugaji wa jamaa yake wametoka Uhabeshi, na si watu wa asili moja na wakulima wanaowatawala.

Ndugu msomaji, sisi tumeachiwa na maulamaa wetu chombo cha kupimia maneno kama haya, nacho ni isnadi. Wataalamu wa Hadithi hawakutosheka na uzuri wa neno. Waliuliza: nani amelisema? Amelipokea kwa nani? Alikutana naye? Ni mtu wa kuaminika? Tukiipima nasaba ya Speke kwa mizani hiyo, hatuoni hata mpokezi mmoja. Hakuisikia kwa wazee wa Karagwe wala hakuikuta katika maandishi ya Uhabeshi. Alitazama sura za watu na pembe za ng'ombe, akakisia. Yeye mwenyewe katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1863, anaiita nadharia, lakini waliomfuata waliliacha neno hilo njiani wakaipokea kuwa ni elimu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Wanyambo wenyewe walikuwa na masimulizi yao: kwamba kabla ya Wahinda nchi ilitawaliwa na Nono, mtu wa ukoo wa Wasita, na kwamba Ruhinda alikuja akauchukua ufalme. Masimulizi hayo nayo si ya kupokelewa kwa macho yaliyofumbwa, kwani kila baraza la mfalme husimulia yanayompendeza mfalme. Katika jumba hilo hilo la Rumanyika ilisimuliwa kwamba, baba yake alipokufa, wana wa mfalme waliwekewa ngoma ndogo iliyotiwa dawa ikawa nzito isiyochukulika. Ndugu zake wakashindwa, yeye akainyanyua kwa kidole. Walakini wafanyabiashara walikuwa na khabari nyingine: kwamba alimshinda ndugu yake Rogero kwa msaada wao, na mkuu wao katika shauri hilo alikuwa Musa Mzuri, Mhindi Mwislamu wa Unyanyembe. Hivyo haki ya kutawala ilisimama juu ya ngoma, na nyuma ya ngoma palikuwa na watu wenye biashara yao.

Nasaba aliyoileta Speke haikubaki Bweranyange. Mapadri na watawala wa kikoloni waliichukua wakaipeleka hasa Rwanda na Burundi, wakafundisha kwamba Watutsi ni wageni waliotoka Uhabeshi waliozaliwa kutawala, na Wahutu wamezaliwa kutawaliwa. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Watutsi wengi wakafurahi kuambiwa ni bora, na Wahutu wakajazwa uchungu. Baada ya miaka, neno lile lile lililokuwa sifa likageuzwa kuwa shitaka: kama ni wageni, na waondoke. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia hadharani akasema kwamba Watutsi watarudishwa kwao Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo.

Mto Nyabarongo humimina maji yake katika mto Kagera, na Kagera ndio mpaka wa Karagwe na Kyerwa upande wa Rwanda. Mwaka 1994, katika mauaji ya kuanzia Aprili hadi Julai, maelfu ya maiti walichukuliwa na mto huo mpaka Ziwa Viktoria. Walipita kando ya nchi ile ile ambako, miaka 133 kabla yake, mgeni alimsomea mfalme nasaba ya kubuni. Hatusemi kwamba Speke ndiye aliyeua. Waliouana walikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za utawala, za vita na za khofu. Lakini neno lisilo na isnadi lilikuwa miongoni mwa silaha.

Na ukweli ulikuwa umekwisha kuandikwa. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliikataa hadithi ya kwamba weusi wa watu umetokana na laana ya Ham, akaeleza kuwa ni athari ya jua na hewa ya nchi. Aliwakosoa pia wanatarehe wanaonukuu hesabu kubwa za majeshi bila ya kuuliza nchi gani ingeweza kuwalisha watu wote hao. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakusalimika. Juu ya Waafrika aliandika maneno mengine ya dharau. Na wako Waislamu wengi, kabla yake na baada yake, walioendelea kuisimulia hadithi ya Ham. Basi tusidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao.

Amma sisi watu wa pwani, hatuna ruhusa ya kucheka. Katika nyumba ngapi hutajwa nasaba ya Shiraz au ya Hadhramaut, na bibi aliyezaliwa hapa hapa hatajwi? Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili. Walikuta kwamba kuchanganya damu kulianza yapata mwaka 1000, kwamba baba wa Kiajemi walikuwa kweli, na kwamba kwa wengi zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa mama. Waliosema Ushirazi ni uwongo mtupu wamekosolewa, na waliowaficha mama zao wamekosolewa pia. Kuuliza si kukanusha. Mwenye kuuliza huenda akakuta mzee alisema kweli, ila nusu yake.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametuamrisha kuipeleleza khabari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wengi wetu huitumia amri hiyo kwa khabari za jirani. Inatupasa tuitumie pia kwa yale tunayoyaita kumbukumbu zetu. Unapokuwa na yakini kwamba ukoo fulani si watu wa kuoana nao, au kwamba ndugu yako alikudhulumu katika mirathi ya miaka thelathini iliyopita, kaa na nafsi yako uiulize: niliona au niliambiwa? Aliyeniambia alikuwapo? Na je, neno hili nimelishika kwa sababu ni kweli, au kwa sababu linanipandisha mimi na kumshusha mwenzangu?

Swali hili la mwisho ndilo gumu zaidi, na ndilo ambalo Speke hakujiuliza.

Wabillahi tawfiq.