Baiskeli ya Umeme Inayokua Pamoja na Mtoto

Mtoto huizidi baiskeli yake kimo kabla haijachakaa. Kampuni ya LittleBig ya Ireland ilibuni fremu ya kugeuzwa: kwanza mtoto hujisukuma kwa miguu, kisha fremu huinuliwa, baadaye pedali hufungwa. Kuongeza umeme ndiko kugumu, kwani uzito wa betri na mota usiomsumbua mtu mzima huweza kumwangusha mtoto. Stacyc ya Marekani, isiyo na pedali, ina ngazi 3 za kasi, naye mtoto hupanda kadiri anavyozoea.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi aliyeko Uingereza yafaa ajue kwamba sheria humkataza aliye chini ya miaka 14 kuendesha baiskeli ya umeme barabarani. Wa miaka 6 ataiendesha kwenye kiwanja binafsi tu.