Bastola Kongwe na Mizani Isiyo Sawa

Machi 1911, bastola aliyoibuni John Browning ilifyatua risasi 6,000 mbele ya wakaguzi wa jeshi la Marekani bila kukwama hata mara moja, na mwezi huohuo ikapitishwa kuwa silaha rasmi kwa jina la M1911. Miongo saba baadaye, majaribio ya jeshi la anga yaliiona bastola hiyohiyo ikikwama ovyo ikilinganishwa na Beretta ya Italia, ambayo mwaka 1985 ilirithi nafasi yake kwa jina la M9. Tangu hapo wengi hutaja matokeo hayo kama ushahidi kwamba ubunifu mpya hauna budi kuushinda wa kale. Ushahidi huo ni dhaifu. Beretta zilitoka kiwandani mpya, ilhali jeshi halikuwa limenunua M1911 nyingine tangu Vita Kuu ya Pili. Kilichoshindwa pale ni chuma kilichochoka, na uchovu wa chuma hautuambii lolote kuhusu akili ya Browning.

Atakayepinga atasema jaribio la 1911 lilikuwa la huruma, kwa kuwa silaha ilipozwa kila baada ya risasi 100, ikasafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya 1,000. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini inathibitisha kwamba uaminifu wa bastola hutegemea pia matunzo, risasi na magazini. M9 yenyewe iliyaonja hayo kule Iraki: magazini zilizotiwa tabaka la juu lenye mkwaruzo zilinasa mchanga, risasi zikashindwa kupanda, na lawama ikaangukia bastola nzima.

Mrithi wake, M17 ya Sig Sauer iliyochaguliwa mwaka 2017, anaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Katika majaribio ya jeshi ilifyatua kwa wastani risasi 708 kabla ya kukwama ilipotumia risasi maalumu, lakini 343 tu kwa risasi za kawaida. Bastola ni ileile. Mara nyingi kasoro ilikuwa sehemu ya juu kutobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, kwa sababu dole gumba la mpigaji lilikandamiza kishikizo chake. Ubora wa bastola mpya upo kwingine: fremu ya plastiki haishiki kutu, na askari huibadilisha kulingana na ukubwa wa kiganja chake.