Hesabu za umeme: mwanafunzi aanze na mchoro, fomula ifuate

MADA ya mkondo wa umeme ni miongoni mwa zile zinazowakosesha alama watahiniwa wa fizikia katika sekondari, ingawa hesabu zake hazihitaji zaidi ya kuzidisha, kugawanya na kujumlisha sehemu. Tatizo huanza pale mwanafunzi anapokimbilia fomula kabla ya kujua umeme unapita wapi.

Huko Kimbiji, kata ya pwani iliyokuwa chini ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, neno mkondo si geni. Mtoto wa mvuvi analijua tangu utotoni: ni maji ya bahari yanayokwenda kwa nguvu upande mmoja. Lakini mtoto huyo, akishamaliza shule ya msingi ya serikali aliyosoma kwa Kiswahili, hukutana na somo lilelile kwa Kiingereza, na ule ujuzi wa baharini hubaki nje ya darasa. Mwalimu anayemrudisha kwenye neno lake mwenyewe humpunguzia nusu ya safari.

Mambo ya kushika ni matatu. Volti ni msukumo, ampea hupima wingi wa mkondo unaopita, na omu hupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia mkondo. Kanuni inayoyaunganisha, V = I × R, ilichapishwa mwaka 1827 na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne. Haikuthaminiwa mara moja. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 1841 ndipo Royal Society ya Uingereza ilipomtunuku nishani ya Copley. Herufi I, inayowatatiza wengi, imetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ukali wa mkondo.

Tuchukue swali la aina inayopendwa na watunga mitihani. Betri ya volti 12 imeunganishwa na kikinzani cha omu 2, kisha njia inagawanyika mara mbili: upande mmoja una omu 6, mwingine omu 3, halafu njia zinakutana tena na kurudi kwenye betri. Mkondo katika kila tawi ni kiasi gani?

Mwanafunzi achore kwanza, kisha afuatishe njia kwa kidole kuanzia upande chanya wa betri. Panapogawanyika ni sambamba, pasipogawanyika ni mfululizo. Sehemu ya sambamba ndiyo ya kuanzia: 1/6 + 1/3 = 1/2. Hapa ndipo wengi huanguka, kwani huandika kuwa ukinzani ni omu 0.5 na kuendelea. Sehemu hiyo lazima ipinduliwe, jibu liwe omu 2. Ipo njia rahisi ya kujikagua: kwa kuwa kila tawi linaongeza njia ya kupita, ukinzani wa sambamba daima huwa mdogo kuliko ule mdogo kuliko wote. Hivyo aliyepata omu 9 ajue amejumlisha kana kwamba ni mfululizo. Kosa la 0.5 halinaswi kwa kipimo hicho. Dawa yake ni kuandika 1/R upande wa kushoto hadi mwisho.

Omu 2 za mwanzo zikijumlishwa na hizo 2, ukinzani wote ni omu 4, na mkondo unaotoka kwenye betri ni 12 ÷ 4 = ampea 3. Kikinzani cha kwanza hula volti 3 × 2 = 6. Zinabaki volti 6 kwa matawi yote mawili: omu 6 hupitisha ampea 1, omu 3 hupitisha ampea 2. Jumla ni 3, sawa na mkondo ulioingia. Asiyeamini apime kwa wati: betri hutoa 12 × 3 = 36, na vikinzani hutumia 18, 6 na 12, jumla 36.

Hesabu hizo haziishii ubaoni. Pasi ya wati 1,150 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 5, maana yake ina ukinzani wa omu 46. Nyumba ikiwa mwisho wa laini ndefu na volti zikashuka hadi 184, pasi hiyo huvuta ampea 4 tu na kutoa wati 736. Volti zimepungua kwa moja ya tano, lakini joto limepungua kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana nguo hazinyooki jioni majirani wote wanapowasha vyombo vyao.

Hatari iko kwenye ekstensheni. Pasi hiyo ikichomekwa pamoja na birika la umeme la wati 2,070, ambalo huvuta ampea 9, waya mmoja unabeba ampea 14 wakati fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Fyuzi ikiungua imefanya kazi yake. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya ameruhusu joto hilo liishie ukutani.

Hata LUKU huhesabiwa hivyo, kwani uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ileile ikitumika nusu saa kila siku kwa siku 30 hula uniti 17.25, au pungufu kidogo kwa kuwa pasi hujizima inapopata moto wa kutosha. Kwa familia inayojitahidi isivuke uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu robo ya umeme wote, kabla taa haijawashwa.