Vioo vya zamani na nyuso za Mbarara

Musa Katuramu alikuwa mwalimu wa useremala aliyepiga picha Mbarara na vijiji vya Ankole kuanzia miaka ya 1930. Familia yake ilizitunza negativu zake, na mradi wa History in Progress Uganda ukazitoa katika kitabu kiitwacho People Poses Places. Watu wamesimama nje, mchana kweupe, wametulia. Kijana anayepiga picha za harusi leo kwa kamera ya dijitali akiziona, huuliza mbona picha zake, zinazoonyesha kila unywele, hazina uzito ule.

Sehemu ya jibu imo ndani ya kioo.

Lenzi za kwanza zilipitisha mwanga kidogo mno, mtu akalazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alikokotoa lenzi ya vioo vinne, na kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Muda ule ukashuka hadi chini ya dakika moja. Lakini picha ilikuwa kali katikati tu. Pembeni iliyeyuka na kuzunguka. Wapiga picha wakauweka uso katikati, na kasoro ikageuka pambo. Hata leo wapo wanaoinunua lenzi ya aina hiyo kwa ajili ya mzunguko ule.

Iliyotufikia sisi zaidi ni lenzi nyingine. Mwaka 1902 Paul Rudolph wa Carl Zeiss, Jena, alibuni Tessar: vioo vinne vilivyopangwa katika mafungu matatu, picha kali karibu hadi ukingoni, na gharama ya wastani. Rolleiflex ya Ujerumani iliitumia, na baadaye Yashica ya Japani ikafuata mpangilio uleule. Kamera hizi za lenzi mbili, zinazoshikwa kifuani huku mpiga picha akitazama chini, zilizoeleka katika studio nyingi za Afrika Mashariki. Hapa naona jambo linalosahauliwa na wengi wanaosifu vioo pekee. Lenzi iliyo kifuani humtazama mtu kutoka chini kidogo, kwa hiyo humrefusha na kumpa hadhi. Tena mpiga picha ameinamisha kichwa. Anayepigwa hakodolewi jicho. Heshima ile tunayoiona kwenye picha za zamani imetokana pia na mkao wa mwili.

Kisha kuna suala la mwanga. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Lenzi ya aina ya Tessar ina nyuso sita za namna hiyo. Kabla Alexander Smakula wa Zeiss hajabuni, mwaka 1935, utando wa kuzuia mng'ao huo, sehemu ya mwanga ilitangatanga ndani ya lenzi na kumwagika juu ya filamu nzima. Vitabu huliita hilo dosari, maana weusi hupauka. Lakini fikiria mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, chini ya jua la Mbarara, isiyofika hata digrii moja kusini mwa ikweta. Mwanga ule uliotangatanga uliingia kwenye vivuli vya uso na kuvilainisha, macho yakaonekana chini ya paji. Kwa nyuso zetu na jua letu, naamini dosari hiyo ilitenda wema.

Lenzi ya kisasa imefuata njia nyingine. Canon RF ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.2 ina vioo 15, mota, vifaa vya umeme, na uzito wa gramu 950. Bila tando za kisasa isingewezekana, kwani mwanga ungepotea njiani. Ni kazi kubwa ya uhandisi, na usiku, ukumbini, hakuna Tessar itakayoifikia. Ila mota yake ikifa, fundi wa mtaani hana la kufanya. Lenzi ya zamani hufunguliwa kwa bisibisi, ikasafishwa, ikarudi kazini bila betri. Adui yake mkubwa ni kuvu, anayeota kwenye unyevunyevu na kuula utando. Anayerithi lenzi asiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Aiache mahali pakavu penye hewa. Baadhi ya lenzi za Takumar, zilizotiwa thoriamu ndani ya kioo, hugeuka manjano kwa miaka, na kuzianika juani kwa muda huzirudishia weupe.

Lakini kuzitunza picha za zamani zenyewe ni kazi nyingine. Kusini-mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, kuna Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza kwa Watutsi waliokimbia Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Anayekimbia usiku habebi albamu. Akibahatika huokoa picha moja au mbili, za studio ya Bukavu, Bujumbura au Mogadishu, zilizokunjwa na kulowa jasho. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo sura pekee iliyobaki ya babu.

Hapo ndipo ninapoipa lenzi ya kisasa haki yake yote. Kunakili picha ya karatasi kunahitaji lenzi inayoona sawasawa toka kona hadi kona, isiyopinda mistari wala kuyeyusha pembe. Petzval ingeharibu kazi hiyo kabisa. Lenzi mpya ya kupigia vitu vya karibu, au hata simu nzuri iliyoshikwa sambamba juu ya picha kwenye kivuli cha nje, hunasa mikwaruzo, nyufa na muhuri wa studio nyuma ya karatasi. Muhuri huo usiachwe: aghalabu ndio unaotaja mji na mtaa picha ilipopigwa, na wajukuu waliozaliwa Nakivale wana haki ya kuujua. Pigeni pande zote mbili, na jina la aliyemo liandikwe wakati mzee wa kulitaja angali hai.