Mboga Zilizochemshwa Mara Tatu

Mwaka 1796 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alianza kumtibu kapteni mmoja mnene, Meredith, aliyesumbuliwa na kiu isiyokatika na mkojo wenye sukari. Rollo aliona sukari ile ikipanda kila mgonjwa alipokula vyakula vya mimea. Akampangia maziwa na maji ya chokaa, soseji za damu na mafuta, na nyama iliyolala mpaka ikaanza kunuka. Meredith alipungua uzito, sukari nayo ikashuka. Kwa dalili zake, leo angehesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, kile ambacho kupungua mwili hukisaidia sana.

Paris ilipozingirwa na Waprusi mwaka 1870, njaa ilifanya kazi hiyohiyo. Daktari Apollinaire Bouchardat aliona sukari ikitoweka kwenye mkojo wa wagonjwa wake, ambao hawakuwa na cha kula.

Kwa watoto wenye kisukari hali ilikuwa nyingine kabisa. Kongosho lao lilikuwa halitoi tena insulini, na hakuna chakula ambacho kingeirudisha. Huko New York, daktari Frederick Allen aliwafungisha wagonjwa hadi sukari iishe mkojoni, kisha akawaongezea chakula kwa kupima gramu. Mboga zilichemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena, mara tatu, ili wanga utoke. Kilichobaki kilijaza tumbo tu. Waliofuata masharti waliongezewa miezi, hata miaka. Wengine waliuawa na njaa kabla ya kisukari. Ni rahisi kumwita Allen katili, lakini hakuwa na dawa nyingine.

Mmoja wa wagonjwa wake, Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliugua akiwa na miaka 11. Alipofikishwa Toronto kwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, Agosti 1922, alikuwa na takriban kilo 20, na siku chache tu zilibaki atimize miaka 15. Akachomwa insulini, na haukupita muda akawa anakula mkate mweupe. Aliolewa, akazaa watoto watatu, akafariki mwaka 1981.

Mwaka huohuo, mjini humohumo Toronto, David Jenkins na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vyakula 62 kwa kadiri vinavyopandisha sukari ya damu. Mkate mweupe ulizidi sukari ya mezani! Dengu, maharage na soya zilikuwa chini sana. Ila vipimo vile havikusema mtu apakue kiasi gani, na swali hilo bado linarudi kwenye kila kliniki ya kisukari.