Handaki na "Bunker"

Mwalimu wa Kiswahili, awe Ajia, Arua au Koboko, akilikuta neno la Kiingereza "bunker" katika habari za vita, hulifasiri kuwa handaki. Wako wanaopinga. Wao wasema handaki ni mtaro ulio wazi, na "bunker" ni chumba chenye paa kilichofukiwa ardhini. Kwa hiyo yafaa tuandike "banka". Kabla ya kukubali, na tuitazame nasaba ya neno hilo geni.

Halikuzaliwa vitani. Huko Uskoti lilikuwa sanduku au benchi. Katika karne ya 19 likawa ghala la makaa ya mawe melini, na hata leo mafuta ya meli huitwa kwa jina hilo. Wajerumani waliliazima kwa Waingereza, na maana ya maficho ya askari ilishika katika Vita Kuu ya 1914-1918.

Handaki ni kongwe zaidi. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya "kilichochimbwa", lililoingia Kiarabu likawa khandaq. Wasomao sira walijua handaki la Madina la mwaka 627, lililochimbwa kwa shauri la Salman Mwajemi. Kwetu "kh" imelainika kuwa "h", kama katika habari na hatari, na irabu ikaongezwa mwishoni.

Shahidi wetu yu karibu. Kaskazini-mashariki ya Arua, ukingoni mwa Nile, iko Dufile, kituo kilichoanzishwa wakati wa Gordon katika mwaka 1874. Maporomoko ya Fola yalizuia vyombo kupanda, hivyo meli za mvuke Khedive na Nyanza zililetwa vipande vipande na kuunganishwa hapo. Chini ya Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, kituo kikawa ngome: tuta la udongo na handaki pande tatu, na mto upande wa nne. Novemba 1888 jeshi la Mahdi lilikuja kuishambulia, nalo likarudishwa nyuma. Ajabu ni kwamba Agosti mwaka huohuo askari wa ngome walikuwa wamemfunga Emin mwenyewe humo humo. Handaki halizuii uasi wa ndani. Wengi wa askari hao walisema Kiarabu cha kambini, kilichozaa Kinubi kinachosemwa hata leo mjini Arua.

Nayataja haya kwa sababu Kiswahili hapa West Nile kimebeba muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya bunduki, na mtoto aweza kulidhania handaki kuwa neno la kambi za jeshi la juzi tu. Mtaro wa Dufile ulikuwa umekwisha kupigwa vita robo karne na zaidi kabla ya "bunker" kuvaa sare. Palipo na haja ya kutaja paa, tuseme handaki la zege, au handaki lililoezekwa. "Banka" tuwaachie mabaharia.